Kabla hujanunua kifaa chochote, niambie kwanza inatokea lini

Watu wengi wakileta gari gereji hawaleti tatizo, wanaleta jibu. "Fundi nibadilishie plagi." "Fundi pampu ya mafuta imekufa." Ukimuuliza nani kakwambia imekufa utasikia shemeji yangu gari yake ilifanya hivi hivi, wakambadilishia pampu ikapona. Sasa hiyo ya shemeji ilikuwa inafanya "hivi hivi" ikiwa ya baridi au ikishapata moto, imesimama au inapanda mlima, hapo hajui. Mimi nimekaa kwenye kazi hii miaka mingi, nimepita kwenye kabureta nikaingia kwenye hizi za nozeli, vile vinyunyizio vya mafuta, na kompyuta, na kitu kinachoniokolea muda kuliko spana yoyote ni swali ninalouliza kabla sijafungua boneti: inatokea lini?

Swali lenyewe nimelirithi. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa anamwacha mwenye gari aongee mpaka amalize, yeye yuko pembeni anajifuta mikono na tambara wala gari haitazami, halafu anaanza kuuliza. Asubuhi ikoje? Ukishaendesha nusu saa je? Kwenye mlima? Ukisimama kwenye foleni? Na ukimwona kijana ameshashika spana anataka kufungua, mzee anamuuliza tu, "Unafungua nini wewe na hujui unatafuta nini?"

Ili uone kwa nini "lini" ina uzito hivyo inabidi uelewe injini inafanyaje kazi, na sio kitu kigumu. Injini ya petroli inataka vitu vinne, hewa, mafuta, kompresheni na cheche ya plagi, na kila kimoja kije kwa wakati wake. Pistoni inashuka na valvu ya kuingiza iko wazi, inavuta hewa na mafuta kama ile bomba ya sindano ukiivuta. Inapanda valvu zote zimefungwa, inaubana ule mchanganyiko mpaka unabaki kwenye nafasi kama moja ya kumi ya ile ya mwanzo. Ikikaribia juu plagi inapiga cheche, mchanganyiko unaungua na kutanuka, pistoni inasukumwa chini kwa nguvu, na hapo ndipo nguvu ya gari inapotoka, hatua nyingine zote zinakula tu hazileti. Mwisho inapanda tena valvu ya ekzosi ikiwa wazi inatoa moshi nje. Krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, imezunguka mara mbili, kamshafti inayofungua valvu mara moja. Mpangilio huu Nikolaus Otto aliuweka kwenye injini inayofanya kazi mwaka 1876 na gari nyingi za petroli zilizoko barabarani bado zinaufuata huo huo. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3000 kwa dakika kila silinda inapiga mara 25 kwa sekunde moja, kwa hiyo ukisikia gari "inakohoa mara moja moja" ujue huko ndani kuna mapigo mengi tu yamepotea.

Sasa vile vitu vinne havihitajiki kwa kiwango kile kile muda wote, na hapa ndipo penyewe. Gari ikiwa kwenye sailensi, yaani imesimama inaunguruma bila kukanyagwa, throto, ule mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga, imefungwa karibu yote na ndani ya manifoldi, bomba linalogawa hewa kwa silinda, kuna mvuto mkali, kwa hiyo tundu dogo tu kwenye hozi linaingiza hewa ya wizi na injini inayumba. Ukikanyaga, throto inafunguka, hewa halali inakuwa nyingi kiasi kwamba ile ya wizi haionekani tena. Ukipanda mlima mambo yanageuka, silinda imejaa hewa, presha ndani ni kubwa, na cheche inapata taabu kuruka kwenye presha kubwa, inataka volti nyingi zaidi, basi koili, kile kifaa kinachoipa plagi umeme, ikiwa imechoka inaumbuka pale pale wakati kwenye tambarare ilikuwa inajikaza. Mlimani pia mafuta yanahitajika mengi, pampu dhaifu au filta iliyoziba inajulikana hapo. Na joto nalo lina mambo yake, waya mwembamba ndani ya sensa, kile kifaa kinachoipimia kompyuta, unatanuka ukipata moto na kama ulishakatika kidogo unaachana, ukipoa unagusana tena.

Kwa hiyo mtu akiniambia lini, tayari ameshanitajia nani wa kumshuku.

Kuna gari iliwahi kuja ina plagi mpya, filta mpya, nozeli zimeshaoshwa, na bado inamisi, yaani kuna silinda inaruka mapigo. Mwenyewe alikuwa amechoka kabisa. Nikamuuliza, akasema kwenye tambarare inaenda vizuri tu, shida ni mlima, nikiwa gia kubwa nikakanyaga inaanza kukata kata na taa ya cheki injini inapepesa. Hiyo ya kupepesa niseme kabisa, taa ikiwaka ikatulia unaweza kuendesha taratibu ukafika kwa fundi, ila ikiwa inapepesa maana yake mafuta mabichi yanapita bila kuungua yanaenda kuungulia kwenye katalisti, zile masega za kwenye ekzosi, na zikiyeyuka ni hasara kubwa kuliko koili. Ondoa mguu.

Nikaweka skana, ile mashine ya kusoma kompyuta ya gari, ikatoa kodi, yaani namba ya hitilafu, P0302. Watu wakiona kodi wanadhani mashine imetaja kifaa cha kununua, hapana bana, P0302 inasema tu silinda namba 2 haichomi inavyotakiwa, haijasema kwa nini, inaweza kuwa koili, plagi, nozeli, hata valvu. Nikachukua koili ya namba 2 nikaihamishia namba 3, ya 3 nikaileta 2, nikafuta kodi, mwenye gari akaendesha mwenyewe tukaenda kuitafuta mlima. Ikaanza kukata. Nikasoma tena: P0303. Tatizo limehama na koili, kesi imeisha. Tulivyoichomoa nikampa aangalie kwenye mwanga, ndani ya ule mpira unaovaa plagi kulikuwa na mstari mweusi mwembamba kama unywele unashuka mpaka chini, na kwenye kauri ya plagi mstari mwenzake umelala pale pale. Ndio njia umeme ulikuwa unapitia kukimbilia kwenye chuma badala ya kuruka kwenye ncha. Tukabadilisha koili na ile plagi pamoja, maana ukifunga koili mpya na kuacha plagi yenye mstari, umeme utaifuata njia ile ile na baada ya muda mpira mpya nao unachomwa.

Hii ya kuhamisha kifaa kutoka silinda moja kwenda nyingine ndio kipimo ninachokipenda kuliko vyote, hakihitaji mashine ya maana, na inawezekana hata kwa nozeli kama zinafikika.

Kinyume chake ni ile inayotetemeka imesimama, taa inawaka, ila ukiondoka ni raha tu. Hapo mtu anauziwa nozeli na throto bodi bure. Mimi nikisikia hivyo natafuta hozi iliyopasuka, na zina tabia ya kupasuka upande wa chini ambako macho hayafiki, pitisha kidole, hasa ile hozi ya kurudisha mvuke wa oili kwenye manifoldi, joto na oili vinaifanya inakauka inapasuka kwenye kona. Mara nyingine unasikia kabisa inapiga filimbi. Kama una skana inayoonyesha data za moja kwa moja angalia masahihisho ya mafuta, yaani asilimia ambazo kompyuta inaongeza au kupunguza kufikia ule uwiano wa kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Ikiwa kwenye sailensi inaongeza asilimia 20 na ukipandisha mizunguko hadi 2500 inashuka karibu na sifuri, ni hewa ya wizi. Ikiwa kwenye sailensi iko sawa halafu ukikanyaga ndio inaongeza sana, hapo geukia pampu, filta ya mafuta, au ile sensa ya kupima hewa imeshika vumbi. Kodi inaweza kuwa ile ile P0171, yaani hewa imezidi mafuta, kwa zote mbili. Umeona sasa, mashine imetoa jibu moja na "lini" ndio imeligawa.

Zinazozima zikipata moto ndio zinazosumbua watu vichwa, maana gari inazima njiani, unasubiri nusu saa unapiga stata inawaka kama hakuna kilichotokea, unaipeleka kwa fundi, anapima kila kitu kizima. Lazima kiwe kizima, si imeshapoa! Gari ya namna hii inapimwa ikiwa imekufa, dakika hizo hizo. Mimi huwa naiacha iwake palepale gerejini boneti imefungwa joto lijae, nakaa naisubiri izime. Ikizima naangalia vitu viwili tu, plagi inatoa cheche? mafuta yana presha? Kama vyote vimekata kwa pamoja namshuku sensa wa krenki, kwa sababu kompyuta isipoiona krenki inazunguka haiamrishi koili wala nozeli. Na ukiangalia kwenye skana wakati unapiga stata utakuta mizunguko inasoma sifuri huku injini unaisikia inazunguka. Kama cheche ipo na presha ya mafuta haipo, geukia pampu, hasa kama mwenyewe ana kawaida ya kuendesha tanki likiwa karibu tupu, maana pampu nyingi zinakaa ndani ya tanki na hayo mafuta ndiyo yanayoipoza.

Kuchemsha nako ni hivyo hivyo, watu wanasema tu "gari inachemsha" na wanaishia hapo. Inachemsha kwenye foleni halafu ukipata barabara ndefu mshale unashuka? Feni hiyo, au relei yake, au swichi, kwa sababu ukiwa kwenye mwendo upepo wa barabara unafanya kazi ya feni. Inachemsha ukiwa kwenye mwendo mkubwa na kwenye foleni iko poa? Rejeta imeziba ndani, au maji hayazunguki vya kutosha, thamostati inafunguka nusu, mapanga ya pampu ya maji yameliwa. Na jamani hii tabia ya kutoa thamostati na kuitupa sikubaliani nayo, mimi nairudisha kila nikiikuta haipo. Kile kifaa kinafunguka kwenye nyuzi 82 hadi 90 hivi, kazi yake ni kuhakikisha injini inafika joto lake haraka na kubaki pale, ukikitoa injini inakaa baridi, kompyuta inadhani bado ni asubuhi inaendelea kumwaga mafuta, konsampsheni inapanda na oili inachafuka mapema. Mfuniko wa rejeta nao watu wanaudharau, presha inayoshikiliwa na ule mfuniko ndio inayofanya maji yasichemke hata yakizidi nyuzi 100, spring yake ikilegea utachemsha na kila kitu kingine ni kizima. Na kwa sababu hiyo hiyo usiufungue wa moto, ukiiondoa presha maji yanachemka kwa mara moja na yanakurukia usoni pamoja na mvuke, nimeona mtu ameungua mkono mzima.

Wasiwasi wa hed gasketi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, unaupima asubuhi kabla hujawasha. Maji yanapungua na chini hakuna tone, washa ya baridi mfuniko ukiwa wazi uangalie kama kuna mapovu yanayotoka bila kukoma, halafu funga na uishike hozi ya juu ya rejeta, ikiwa imekaza kama imejazwa upepo ndani ya dakika moja mbili wakati injini bado haijapata joto, basi moto wa silinda unaingia kwenye maji. Oili kugeuka rangi ya maziwa ni dalili pia ila uwe makini, gari inayotembea safari fupi fupi tu inaweza kuwa na utando mweupe chini ya mfuniko wa oili kwa sababu ya unyevu ambao haujapata joto la kuukausha, chomoa kijiti uangalie oili yenyewe kwanza kabla hujatangaza msiba.

Moshi, nitaenda haraka. Mweupe asubuhi ya baridi unaopotea ni maji tu, petroli ikiungua inatengeneza maji. Mweupe mzito usiopotea na maji yanapungua, rudi juu kwenye hed gasketi. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa. Wa bluu ni oili, na hapa tena swali ni lini: ukitoka mara moja tu asubuhi ukiwasha halafu ukaisha, hizo ni sili za valvu zimekauka, usiku kucha oili imedondoka tone tone juu ya valvu. Ukitoka baada ya kushuka mteremko mrefu bila kukanyaga, mara ukikanyaga unatupa wingu, sili tena mara nyingi. Ukitoka kila ukikanyaga kwa nguvu na injini imechoka nguvu, shuku ringi za pistoni. Mtu asikupeleke kwenye ovahoo, kufumua injini nzima, kwa sababu ya moshi wa asubuhi.

Gari kugoma kuwaka nako watu wanakimbilia stata. Washa taa kubwa kwanza, halafu piga stata huku unaziangalia. Zikizimika kabisa au kufifia sana, betri au vichwa vya betri, ondoa ule unga mweupe na kijani ukaze vizuri uone. Zikibaki zinang'aa na hakuna kinachotokea, umeme haufiki kwenye stata au stata yenyewe. Betri iliyopumzika inatakiwa isome kama volti 12.6, na gari ikiwaka nyingi zinasoma kati ya 13.8 na 14.5, chini ya hapo alteneta haichaji na betri mpya itakufa kama ya zamani.

Kwa wenye dizeli niseme tu kwamba huku hakuna cheche, hewa inabanwa mpaka inakuwa ya moto kiasi cha kuwasha mafuta yenyewe, ndio maana ikigoma asubuhi na mchana inawaka vizuri unaanza na plagi za kupasha joto, na kama hizo ni nzima unapima kompresheni. Ikitoa moshi mweusi na kukosa nguvu ukikanyaga, kabla hujagusa nozeli kagua eya klina na mabomba ya tabo, ile inayosukumia injini hewa, kuna klampu inalegea pale hewa yote inaishia nje. Taa nyekundu ya oili ikiwaka unaendesha, iwe dizeli iwe petroli, zima hapo hapo, usiseme nifike mbele kidogo.

Kuna wateja ukiwauliza lini wanajibu "muda wote". Mwanzoni unaweza kudhani hataki tu kufikiri, lakini hilo nalo ni jibu. Inayomisi baridi, moto, mlima, tambarare, imesimama, muda wote kwenye silinda ile ile, na koili umehamisha haikuhama, hiyo mara nyingi ni kompresheni. Alikuja mmoja wa namna hiyo ameshanunua nozeli nne mpya. Nikatoa plagi zote, nikafunga geji ya kompresheni inayosoma kwa psi, nikamwambia akanyage eksileta mpaka chini apige stata. Ya kwanza 165, ya pili 160, ya tatu 60, ya nne 165. Nikamwaga kijiko cha oili kwenye tundu la tatu nikapima tena, kwa sababu oili inaziba mianya ya ringi kwa muda, ikipanda ujue ringi, isipopanda ujue valvu au gasketi. Ikabaki 60. Nikaizungusha krenki mpaka valvu zote mbili za ile silinda zikafungwa, nikaingiza upepo wa kompresa kwenye tundu la plagi, tukasikiliza. Ukitoka kwenye mfuniko wa oili ni ringi, mapovu kwenye rejeta ni gasketi, kwenye throto ni valvu ya kuingiza. Huu ulikuwa unatoka nyuma kabisa kwenye bomba la ekzosi, mwenye gari akaenda akaweka kiganja akausikia mwenyewe.

Hedi ilivyoshuka valvu ya ekzosi ya tatu ilikuwa imeliwa ukingoni, kipande kama kucha hakipo. Injini ile ni ya aina ambayo nafasi ya valvu inarekebishwa kwa mkono na haikuwahi kurekebishwa, valvu ikawa haikai vizuri kwenye kiti chake, na valvu ya ekzosi inapoa kwa kugusa kiti, isipogusa inaungua. Nikapima zingine kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, ya kwanza na ya nne za ekzosi nazo zilikuwa zimebana karibu hivyo hivyo ila hazijaanza kuungua, tukazisaga na kuziweka sawa pamoja na ile mpya kabla hedi haijarudi juu.